Kuruka Levo: Nani Alikufunza Hiyo Klasi?

Mwaka wa 2001 hivi, ukiingia EverQuest na kundi lako ligundue hujui kazi ya mhusika wako, hakuna mtu angekuuliza umetoka wapi. Ungeitwa mtu wa eBay, basi. Maana yake: huyo mhusika mkubwa hukumlea, umemnunua sokoni, na sasa sote tunakufa kwa sababu yako.

Hilo tusi limezeeka kuliko wengi wenu mnaosoma hapa, na bado linatembea. Hapa Majengo limebadilisha jina tu. Siku hizi wanasema "akaunti ya kununua", na wanasema kwa sauti, mbele ya watu, pale kwa vibanda vya PS na kwa simu. Nimesikia dogo wa form two akiambiwa hivyo hadi akatoka kwa gemu bila kusema kitu. Kwa hivyo leo wasee tuangalie historia ya kuruka levo, kwa sababu naona watu wengi wanamlaumu mtu asiyefaa.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema klasi simaanishi darasa la shule. Namaanisha aina ya mhusika unayechagua: mpiganaji, daktari, mchawi, ninja. Kila klasi ina kazi yake, na ukiwa kwenye kikosi, watu wanaishi ama wanakufa kulingana na kama unaijua hiyo kazi.

Levo na klasi hazikuzaliwa kwa kompyuta. Zilitoka kwa gemu ya mezani, karatasi na kete, inaitwa Dungeons & Dragons, iliyochapishwa Marekani mwaka wa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ilianza na klasi 3 peke yake: mpiganaji, mchawi na kasisi. Kasisi ndiye babu ya madaktari wote mnaowaona kwenye gemu za leo. Na hapa ndipo panaponifurahisha: katika ile ya 1974, kasisi wa levo 1 hakuwa na uwezo wa kuponya mtu. Hakuwa na uganga wowote. Ulipewa rungu, ukaambiwa piga. Ukifika levo 2 ndiyo unapata uganga wako wa kwanza, mmoja tu. Halafu mwingine. Halafu mwingine.

Unaona hiyo mambo? Levo ilikuwa mwalimu. Ilikupa kifaa kimoja, ikakuacha ukitumie hadi mkono ukizoee, ndiyo ikakupa cha pili. Ukifika levo 10 una vifaa vingi lakini hakuna hata kimoja kigeni kwako.

Miaka 4 baadaye, 1978, kijana anaitwa Roy Trubshaw pale Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, akaanza kuandika gemu ya maandishi matupu ambayo watu wengi wangeingia pamoja kupitia kompyuta. Akaiita MUD. Rafiki yake Richard Bartle akaingia, na baadaye akaimaliza. Gemu zote za mtandaoni mnazocheza zina damu ya hiyo. Bartle ameeleza mara nyingi kwa nini waliweka levo. Hao wawili hawakutoka familia za pesa, na Uingereza ya wakati huo ilikuwa nchi ambapo mtu akisikia lafudhi yako tu anajua utafika wapi maishani. Wakataka dunia ambayo unapanda kwa kile unachofanya, si kwa babako ni nani.

Sasa fikiria mtoto wa Majengo akisoma hayo. Levo iliwekwa kwa ajili yetu! Ilikuwa ngazi ya mtu asiye na godfather.

Kwa hivyo levo ilibeba vitu viwili kwa wakati mmoja: somo na cheti. Shida ni kwamba cheti unaweza kukiuza na somo huwezi. Na sisi katika nchi hii hatuhitaji kuelezwa sana habari ya cheti bila masomo, ama?

EverQuest ilitoka Machi 1999, na kupanda levo humo ilikuwa kazi ya miezi. Watu wenye kazi na watoto walikuwa na pesa lakini hawakuwa na muda, na vijana walikuwa na muda lakini hawakuwa na pesa. Mnajua vile itaisha. Wahusika wakaanza kuuzwa eBay kama simu za mkono wa pili. Mwaka huo wa 2001 mwanauchumi Edward Castronova aliingia mle ndani, akapiga hesabu za hayo mauzo, akapata kwamba mchezaji alikuwa anazalisha kama dola 3.42 kwa saa. Akisema ile dunia ya kubuni ingekuwa nchi, utajiri wake kwa kila mtu ungekuwa wa 77 duniani, karibu na Urusi. Sony, kampuni ya EverQuest, ikakataza mauzo na kufanya eBay iyaondoe. Hayakuisha, yalihama tu. Mwaka wa 2005 hao hao Sony wakafungua soko lao rasmi, Station Exchange, kwa seva maalum za EverQuest II. Eti mkitaka kuuziana, uzianeni hapa kwetu. 2007 eBay ikapiga marufuku mali za gemu karibu zote. Kufikia hapo ilikuwa imechelewa sana.

Gemu iliyobadilisha kila kitu ni World of Warcraft ya kampuni ya Blizzard, iliyotoka Novemba 2004. Mwanzoni kuruka levo kulikuwa haramu. Halafu 2008 wakalegeza: ukimleta rafiki, kwa kila levo 2 anazopanda, anaweza kukupa wewe levo 1 bure kwa mhusika wako mwingine. Watu wengine walifungua akaunti ya pili wakajileta wenyewe, ati "rafiki". Binadamu ni yule yule.

Novemba 2008 ndiyo kitu kikubwa kilitokea, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kuna somo lote. Blizzard walitoa klasi mpya, Death Knight, na hii haikuanza levo 1. Ilianza levo 55. Wao wenyewe walikurusha levo 54! Lakini waliweka sharti: lazima kwanza uwe na mhusika mwingine aliyefika levo 55 kwenye seva hiyo. Yaani somo la jumla ulikuwa umeshalipata, ulikuwa mgeni wa klasi tu. Halafu hawakukutupa barabarani. Walikujengea mahali pako pa kuanzia, na kwa masaa kadhaa unafanya kazi moja moja, kila ukimaliza unapewa uwezo kidogo, hadi unatoka na levo 58 hivi ukiwa umevaa vizuri na unajua vidole viende wapi.

Je, ilitosha? Nusu. Death Knight alikuwa na uwezo wa kumvuta adui kutoka mbali hadi miguuni pake, kama kamba. Ukiwa peke yako ni raha tupu. Ukiwa kwa kikosi, kuna mtu kazi yake ni kuwashika maadui wasiguse wengine, na wewe mgeni ukivuta mmoja kwa raha zako unavuruga mpango wote. Malalamiko yalikuwa mengi mno. Kwa sababu ile shule ya mwanzo ilikufunza vitufe ukiwa peke yako. Haikukufunza kikosi. Vitufe unaweza kusoma kwa jioni moja. Kujua ni wakati gani *usibonyeze* kunahitaji watu wengine karibu nawe.

Mwaka wa 2014 Blizzard wakaacha kuona haya. Wakaanza kuuza kuruka moja kwa moja hadi levo 90, klasi yoyote unayotaka, dola 60. Kwa pesa za wakati huo ni zaidi ya shilingi 5,000. Mmoja wa wakubwa wa gemu hiyo, Ion Hazzikostas, alieleza kwamba bei iliwekwa juu makusudi, ili kazi ya wale waliopanda kwa jasho isionekane takataka. Mimi hiyo sababu naiona ya ajabu kidogo. Ni kama kusema tumeuza kiti cha mbele cha matatu kwa bei ghali ili kuwaheshimu waliopanga foleni.

Lakini tuwape haki yao, kuna kitu walifanya vizuri. Mhusika wa kurushwa hakupewa uwezo wake wote mara moja. Vitufe vingi vilifungwa, vikafunguliwa polepole ukiendelea na kazi za mwanzo. Walikuwa wanajaribu kurudisha lile rungu la kasisi wa 1974, wakalifupisha kuwa masaa machache. Final Fantasy XIV nayo ilifungua ukumbi wa wanagenzi mwaka wa 2016, mahali pa kujifunza kazi ya kikosi: namna ya kushika maadui, namna ya kuponya. Mwaka uliofuata ndiyo ikaanza kuuza kuruka levo. Angalia huo mpangilio. Shule kwanza, duka baadaye.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu hapa Meru hakuna wengi wanaocheza World of Warcraft. Inataka kompyuta, inataka malipo ya kila mwezi, na seva ziko ng'ambo. Hata hii intaneti ya maana yenyewe imetufikia juzi. Nyaya za baharini za kwanza ziliingia Mombasa 2009, kabla ya hapo ilikuwa setilaiti na maombi. Wengi wetu hatukupitia kompyuta kabisa. Tuliruka hiyo levo, tukaangukia kwa simu. Na Call of Duty: Mobile ilipotoka Oktoba 2019, tukaikuta na klasi zile zile za zamani kwa nguo mpya: kule Battle Royale kuna Medic, Scout, Ninja, Defender na wenzao.

Kule hakuna duka rasmi la kuruka vyeo hadi Legendary. Kwa hivyo tumerudi kwa ile eBay ya 2001, isipokuwa soko ni vikundi vya simu na malipo ni M-Pesa. Mtu anatuma pesa, anapewa akaunti, na hana ulinzi wowote. Sheria za gemu zenyewe zinakataza hayo mauzo, na yule aliyeuza bado ana barua pepe ya kwanza, anaweza kuichukua akaunti akitaka. Yule dogo niliyemtaja alilipa pesa aliyokuwa ameweka tangu Desemba, ya kubeba mizigo Gakoromone. Mwenye akaunti wa kwanza alikuwa mtu wa Ninja. Kikosi kikamwambia, wewe chukua Medic. Akachukua. Kazi ya Medic ni kuweka kile kituo cha matibabu mahali wenzako watasimama, si mahali wewe umesimama, na kukimbilia aliyeanguka kwa sababu wewe unainua haraka kuliko wengine. Nani angemwambia? Alikuwa anapiga risasi mbele kama komando. Wakamtukana dakika 10 mfululizo, watu wazima wengine wako na ndevu.

Sasa mnaniambia shida ni yeye kuruka?

Hebu angalieni kitu ambacho nchi yetu iliruka na ikafaulu. Mwaka wa 2000 laini za simu za waya Kenya nzima hazikufika nusu milioni, na wazee wetu wengi hawakuwahi kuwa na akaunti ya benki. Mwezi wa Machi 2007 Safaricom wakazindua M-Pesa, baada ya majaribio yaliyoanza 2005 Nairobi na Thika na watu wa mikopo midogo. Mama wa mboga aliruka waya, akaruka benki, akaruka kadi, akafika juu kabisa. Levo 1 hadi 90. Kwa nini hakupotea? Kwa sababu kila kona kulikuwa na ajenti. Mtu mmoja kwa kibanda cha kijani, anakuonyesha: mama, bonyeza hapa, ficha PIN yako, hata mimi usinionyeshe, soma jina kabla ya kutuma. Kina shosho walifunzwa hivyo, mmoja mmoja, na mtu anayewaita shosho. Makosa yalikuwepo, pesa zilienda kwa namba zisizo zao, lakini sijasikia mtu akimwambia shosho "hukupitia benki, toka hapa".

Kikosi chenye mgeni kina ajenti ama hakina. Hiyo ndiyo tofauti naona kutoka Essex hadi Makutano. Blizzard walijenga ajenti wa programu na akafanya kazi nusu. Wauzaji wa akaunti hapa mtaani hawajengi chochote, wanachukua 2,000 yako na kukublock. Anayebaki ni wewe uliye Legendary kwa jasho lako, na una kipaza sauti wazi.

Yule dogo amerudi, kwa wanaouliza. Msichana mmoja wa plot ya nyuma, ambaye anacheza Defender, alimwingiza kwa mechi zisizo za cheo. Akamwambia kitu kimoja tu kwa mechi 5 za kwanza: usipige mtu yeyote, nifuate, nikianguka niinue. Mechi ya 6 akamruhusu kuweka kituo. Bunduki ikaja mwisho. Hajawahi kusikia habari za kasisi wa 1974, nimemuuliza.