Shule Isiyo na Kwao

Mwaka 1957 Georges Doriot aliweka dau mara mbili.

Dau la kwanza aliliweka Marekani. Wahandisi wawili vijana, Ken Olsen na Harlan Anderson, walimfuata wakitafuta mtaji wa kuanzisha kampuni ya mitambo ya elektroniki ndani ya kiwanda cha zamani cha sufu mjini Maynard, Massachusetts. Kampuni ya uwekezaji aliyokuwa akiiongoza iliwapa dola 70,000 na kuchukua asilimia 70 ya hisa. Kampuni ile changa iliitwa Digital Equipment Corporation. Baadaye ikawa miongoni mwa wababe wa kompyuta duniani, na zile dola 70,000 zikazaa mamia ya mamilioni.

Dau la pili aliliweka kwao alikozaliwa, Ufaransa, na hilo halikuwa na hisa wala gawio. Alitaka ifunguliwe shule ya biashara isiyokuwa ya Wafaransa, wala ya Wajerumani, wala ya Waingereza, bali ya wote hao kwa pamoja. Wengi wanaomtaja Doriot leo humtaja kwa sababu ya dau la kwanza. Mimi naona la pili ndilo lililokuwa gumu zaidi, kwa kuwa lilihusu watu ambao miaka 12 tu nyuma yake walikuwa wakitazamana kupitia mtutu wa bunduki.

Alikuwa mtu wa mabara mawili. Alizaliwa Paris mwaka 1899. Baba yake, Auguste, alikuwa fundi na dereva wa Peugeot siku zile gari lilipokuwa kioja ambacho watoto walikikimbilia barabarani. Kijana alipigana Vita Kuu ya Kwanza katika kikosi cha mizinga, na mwaka 1921 akavuka bahari. Akatua Harvard, ambako shule ya biashara ilikuwa na umri wa miaka 13 tu. Alianza kufundisha hapo mwaka 1926, na hakuliacha darasa kwa kudumu hadi 1966. Somo lake lilihusu uzalishaji viwandani, kwa jina. Kwa kweli alikuwa akiwafundisha vijana namna ya kusoma gazeti, namna ya kuendesha kikao, hata namna ya kuchagua mke. Mwaka 1940 akachukua uraia wa Marekani. Vita vikampeleka idara ya ugavi ya jeshi na akatoka huko na cheo cha brigedia jenerali. Wanafunzi wake waliendelea kumwita Jenerali mpaka alipofariki mwaka 1987.

Hata hivyo, Ufaransa haikumtoka moyoni. Mwaka 1930 alikuwa ameshaisaidia Chemba ya Biashara ya Paris kuanzisha kituo cha kuwanoa watendaji wa makampuni kwa mtindo wa Harvard: mwalimu hasimami kuhubiri, bali darasa linapewa kisa cha kampuni ya kweli yenye tatizo la kweli, kisha watu wanabishana mpaka suluhisho lionekane. Lakini kituo kile kilikuwa cha Wafaransa peke yao. Katikati ya miaka ya 1950 aliirudia Chemba ileile na wazo kubwa zaidi.

Wakati nao ulimpa mkono. Tarehe 25 Machi 1957 nchi sita, yaani Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, zilitia saini Mkataba wa Roma na kuunda Soko la Pamoja. Ushuru wa mipakani ulikuwa unaanza kuhesabiwa siku zake. Bidhaa zingevuka, sawa. Lakini nani angevuka nazo? Meneja wa Lyon aliyesomea Lyon na kuoa Lyon angeendeshaje tawi la Düsseldorf, tena mbele ya wafanyakazi ambao baba zao waliwahi kuja Lyon wakiwa na sare za kijeshi?

Wanafunzi wawili wa zamani wa Harvard ndio waliolibeba wazo hilo mabegani. Mmoja ni Claude Janssen, aliyekuwa amekaa darasani mwa Doriot mwenyewe. Wa pili ni Olivier Giscard d'Estaing, ndugu yake Valéry ambaye baadaye alikuwa rais wa Ufaransa. Olivier akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza. Chemba ya Biashara ya Paris ilitoa ubavu wa kuanzia, na Taasisi ya Ford ya Marekani nayo ikatia mkono. Ndivyo ilivyozaliwa taasisi yenye jina refu la Kifaransa, Institut Européen d'Administration des Affaires, ambalo walilikatakata mpaka likabaki INSEAD. Leo ni wachache wanaokumbuka kwamba herufi hizo ziliwahi kuwa maneno.

Usidhani walipokewa kwa vigelegele. Katika Ufaransa ya wakati ule, kijana mwenye akili alipelekwa shule kubwa za uhandisi au za utumishi wa serikali. Biashara haikuhesabiwa kuwa elimu. Ilikuwa kitu unachojifunza ukiwa kazini, au unachorithi kwa baba. Ndivyo ambavyo mzee mwenye duka Kariakoo angekuangalia ukimwambia mwanawe anakwenda chuoni kusomea kuuza. Isitoshe, mtindo ule wa visa ulinuka Umarekani. Na profesa wa Paris wa mwaka 1958, aliyezoea kusikilizwa bila kukatizwa, hakuona sababu ya kubishana na mvulana wa miaka 26 juu ya bei ya mashine za kufulia.

Septemba 1959 darasa la kwanza lilianza, na mahali lilipoanzia ndipo penye uhondo. Shule haikuwa na jengo. Iliazimwa vyumba ndani ya Kasri la Fontainebleau, kilomita zipatazo 60 kusini-mashariki mwa Paris, nyumba ya wafalme kwa karne nyingi. Katika ua wa kasri hilo, Aprili 1814, Napoleon aliyekuwa ameivamia karibu Ulaya nzima aliwaaga askari wake kabla ya kupelekwa uhamishoni Elba. Sasa vijana wa mataifa kadhaa ya Ulaya ileile wakawa wanapita hapohapo na makabrasha kwapani, wakiharakia somo la hesabu za kampuni.

Lugha zilikuwa tatu: Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani. Haikuwa mapambo. Somo moja lingeweza kufundishwa kwa Kifaransa, linalofuata kwa Kiingereza, na kisa cha jioni kikasomwa kwa Kijerumani. Asiyeziweza alikuwa na safari ngumu. Msomaji wa pwani yetu atalielewa hili haraka kuliko Mzungu mwenye lugha moja. Kiswahili chenyewe kilisambazwa bara na misafara ya biashara, na hakuna mfanyabiashara wa Ujiji aliyefika mbali kwa kungoja wateja wajifunze lugha yake.

Kitu kilichoipa shule hiyo sura yake, kwa maoni yangu, kilikuwa kikundi cha masomo kuliko hata kasri na lugha. Mwanafunzi hakuachiwa kuchagua marafiki wa kusoma nao. Uongozi ulimpangia wenzake wanne au watano, na uliwapanga kwa makusudi ili wasifanane: Mfaransa na Mjerumani, mhandisi na mwanasheria, mpole na mbishi. Waliandaa visa pamoja na kuandika kazi pamoja, tena kwa kupewa alama za pamoja. Ukimdharau mwenzako, unajidharau mwenyewe kwenye karatasi ya matokeo. Watu waliopitia hapo, ukiwauliza baada ya miaka 30 walijifunza nini, mara nyingi hawataji somo; watakusimulia kikundi chao na ugomvi wake.

Jambo jingine lililowatenga na Wamarekani ni muda. Harvard ilichukua miaka miwili. Fontainebleau ilichukua chini ya mwaka mmoja. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa. Kijana wa Ulaya alikuwa ameshakula miaka mingi kwenye shahada ya kwanza na jeshini kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo alifika akiwa na umri mkubwa na subira ndogo. Mwaka mmoja pia ni ada ya mwaka mmoja. Kwa miaka mingi wakubwa wa taaluma hiyo walilicheka jambo hilo, wakisema biashara haifundishwi kwa haraka namna hiyo. Kicheko kilikoma mwaka 2016, gazeti la Financial Times lilipoiweka INSEAD ya kwanza duniani, mara ya kwanza kwa programu ya mwaka mmoja kushika nafasi hiyo.

Mwaka 1967 shule ilihama kasrini na kuingia majengo yake yenyewe pembezoni mwa msitu wa Fontainebleau. Mwaka huohuo wanawake wa kwanza waliingia darasani. Ndiyo, shule iliyojivunia kuwachanganya watu wa kila aina ilikaa miaka minane bila kuona kwamba nusu ya watu haimo. Harvard, ambayo haikusifika kwa kukimbilia mabadiliko, ilikuwa imeshawafungulia wanawake mlango wa programu yake kamili mwaka 1963.

Huku kwetu mwaka 1967 una kumbukumbu yake: mwezi Juni ndipo Kenya, Uganda na Tanzania zilipotia saini mjini Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977. Kilichonivutia ni kwamba shule yake ya uongozi ya Arusha haikufa nayo. Mwaka 1980 ilivaa jina la ESAMI, ikapanua uanachama hadi nchi za kusini mwa Afrika, na ipo hadi leo. Huenda shule za namna hii zina mizizi inayofika chini kuliko mikataba inayozizaa.

Tukirudi Fontainebleau, kati ya mwaka 1976 na 1980 mkuu wa shule alikuwa Uwe Kitzinger. Alizaliwa Nuremberg mwaka 1928, akaikimbia Ujerumani ya Wanazi akiwa mtoto, akakulia Uingereza na kusoma Oxford. Mjerumani kwa kuzaliwa, Mwingereza kwa makuzi, akiongoza shule iliyoko Ufaransa: kama Doriot angetafuta mtu wa kuthibitisha hoja yake, asingempata bora kuliko huyu. Miaka hiyo pia ndiyo shule ilipogeuka taratibu kutoka mahali pa kufundishia na kuwa mahali pa utafiti, yenye maprofesa wake wa kudumu badala ya wa kuazima. Mwaka 1989 ilianzisha masomo ya udaktari.

Kisha macho yakageukia mashariki. Mwaka 1980, Japani ilipokuwa inaitikisa Detroit kwa magari yake, shule ilifungua Fontainebleau kituo cha kuzisoma biashara za Ulaya na Asia. Baada ya miaka 20 ikathubutu zaidi: Januari 2000 ilianza kufundisha Singapore. Vyuo vingi vya nje vilikuwa vimeshafungua matawi, lakini kwa kawaida tawi hubaki tawi, likitumiwa maprofesa wa wiki mbili na vyeti kutoka makao makuu. Singapore ilikusudiwa kuwa sawa na Fontainebleau, yenye walimu wake wakaazi na shahada ileile, na wanafunzi wakihama kutoka kampasi moja hadi nyingine katikati ya mwaka. Miaka miwili kabla ya milango hiyo kufunguliwa, kampuni ya Digital, lile dau la kwanza la Jenerali, ilikuwa imenunuliwa na Compaq na jina lake kumezwa.

Abu Dhabi ilifuata, kituo mwaka 2007 na kampasi mwaka 2010. San Francisco ilipata kituo chake mwaka 2020. Katikati ya hayo, mwaka 2005, maprofesa wawili wa shule hiyo, W. Chan Kim na Renée Mauborgne, walitoa kitabu cha Blue Ocean Strategy kilichouzwa kwa mamilioni ya nakala, na maofisa wa makampuni kila pembe wakaanza kuzungumzia bahari ya buluu.

Kupanuka huko kulikuwa na bei yake. Kadiri dunia nzima ilivyoingia darasani, ndivyo Kijerumani na Kifaransa vilivyosukumwa nje, na Kiingereza kikabaki peke yake mbele ya ubao. Kwa miaka mingi shule iliendelea kumdai mwanafunzi awe na lugha ya tatu kabla ya kupewa shahada, lakini kujua lugha kwa ajili ya mtihani na kufanya kazi kwa lugha hiyo ni mambo mawili. Na bei nyingine ni bei yenyewe: ada imepita euro 90,000. Ukijiita shule ya dunia nzima, fedha hizo zinakuchagulia ni dunia ipi.

Afrika imekuwamo, ingawa kwa uchache. Tidjane Thiam wa Côte d'Ivoire alihitimu Fontainebleau mwaka 1988. Mwaka 2009 akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza kampuni miongoni mwa 100 kubwa za soko la hisa la London, alipokabidhiwa Prudential. Lakini kwa Afrika Mashariki mlango uliofunguka zaidi ulikuwa mwingine. IESE ya Barcelona, iliyoanzishwa mwaka 1958, mwaka mmoja tu baada ya INSEAD na katika wimbi lilelile la Ulaya, ndiyo iliyokishika mkono Chuo Kikuu cha Strathmore kilipoanzisha shule yake ya biashara Nairobi mwaka 2005. Vile visa vya kubishania, vilivyoanzia Harvard na kupitia Ulaya, sasa vinaandikwa pia kuhusu makampuni ya hapa.

INSEAD nayo imebadilika kiasi kwamba mwanafunzi wa mwaka 1959 asingeitambua. Wanafunzi wake wa shahada ya uzamili ya biashara (MBA) wanafika takriban 1,000 kwa mwaka, na hakuna taifa moja lenye wingi wa kuwatawala wengine. Hata hivyo mgeni anayefika siku ya kwanza, awe Fontainebleau au Singapore, bado haulizwi angependa kusoma na nani. Anaikuta orodha ya wenzake imeshapangwa.