Mgeni Aliyepewa Jembe: Vyama vya Wafanyakazi, Viwanda na Kazi za Wakimbizi baina ya Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali la muda mrefu: je, vyama vya wafanyakazi huleta faida au hasara kwa viwanda na kwa wafanyakazi wenyewe? Swali linajadiliwa kwa kufuatilia historia ya kazi katika kusini-magharibi mwa Uganda, hususan makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya hasara inayohusishwa na vyama hivyo imetokana na mipaka ya uanachama wake, yaani nani amekubaliwa kuingia na nani ameachwa nje. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa vyama, waajiri na watunga sera.

1. Utangulizi

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sera ya Uganda kuhusu wakimbizi inakaribiana sana na methali hiyo. Mkimbizi anayefika Nakivale hutarajiwa kupewa kipande cha ardhi, anaruhusiwa kufanya kazi, na anategemewa kujitegemea. Hata hivyo, methali haisemi ni nani atakayepanga ujira wa mgeni huyo atakapolishika jembe katika shamba la mtu mwingine. Hilo ndilo pengo linaloshughulikiwa hapa.

Katika mjadala wa kitaaluma, Freeman na Medoff (1984) walieleza kwamba chama cha wafanyakazi kina sura mbili. Sura ya kwanza ni ya ukiritimba: chama huinua ujira wa wanachama wake, na huenda kikawafungia mlango walio nje. Sura ya pili ni ya sauti: chama humpa mfanyakazi njia ya kulalamika bila kuacha kazi, na hivyo hupunguza idadi ya wanaoacha kazi kila mara. Wataalamu hao waliandika kuhusu Marekani. Swali letu ni sura ipi imeonekana zaidi Uganda, na kwa sababu gani.

2. Njia ya vibarua kupitia Mbarara

Kabla ya kuwa mji wa viwanda vya maziwa na vinywaji, Mbarara ilikuwa kituo cha njiani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, maelfu ya watu kutoka Ruanda-Urundi walipita Ankole kwa miguu wakienda kutafuta kazi katika mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda, na katika mashamba makubwa ya miwa. Utafiti uliohaririwa na Audrey Richards na kuchapishwa mwaka 1954 ulieleza kwa kina maisha ya wahamiaji hao. Wengi walifanya kazi kwa muda, wakarudi kwao, na nafasi zao zikachukuliwa na wengine.

Kwa waajiri, mfumo huo ulionekana kuwa wa gharama nafuu, kwani ujira ulikuwa mdogo na wafanyakazi hawakuisha. Gharama yake ilijificha kwingine. Mfanyakazi aliondoka mara tu alipoizoea kazi, na mwajiri akaanza upya na mtu mgeni. Nchini Kenya, Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 ilitoa hoja kama hiyo: ujira usiotosha kumtunza mfanyakazi na familia yake ulizalisha nguvukazi isiyotulia na yenye tija ndogo.

Vyama vya mwanzo vya wafanyakazi wa Uganda havikuanzia miongoni mwa wapita njia hao. Vilianzia kwa madereva, waliounda chama chao mwishoni mwa miaka ya 1930 chini ya James Kivu, kisha vikaenea kwa watu wa reli na wa mijini. Mgomo wa Januari 1945, uliochochewa na kupanda kwa gharama za maisha wakati wa vita, uliilazimisha serikali ya kikoloni kulitazama suala la ujira kwa uzito. Hata baada ya sheria ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka 1952, kibarua wa msimu aliyetoka ng'ambo ya mpaka alibaki nje.

Bandari ya Mombasa inatoa mfano wa kulinganisha. Huko nako kazi ilitegemea vibarua wa siku, na migomo ya mwaka 1947 na 1955 iliusimamisha mji. Frederick Cooper (1987) ameonyesha jinsi serikali na waajiri walivyogeukia ajira ya kudumu kwa sababu walihitaji nguvukazi yenye utaratibu na viongozi wa kuzungumza nao. Mkondo huo uliipa bandari utulivu zaidi, lakini ulipunguza pia nafasi za wale waliotegemea kibarua cha siku mojamoja. Sura zote mbili za chama zilionekana mahali pamoja.

3. Wageni ndani ya vyama, 1955–1970

Katikati ya miaka ya 1950 liliundwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Uganda, na mwaka 1958 Kampala ikawa makao ya chuo cha wafanyakazi kilichowafunza viongozi wa vyama kutoka nchi nyingi za Afrika hadi kilipofungwa mwaka 1968. Roger Scott (1966) alibainisha kuwa Wakenya walikuwa na nafasi kubwa katika uongozi wa vyama vya Uganda. Kiswahili, lugha ya reli na ya karakana, kiliwaunganisha wafanyakazi wa makabila na nchi mbalimbali.

Vyama hivyo vilikuwa na udhaifu. Mwaka 1964 lilizuka shirikisho la pili lililoshindana na la kwanza, na mivutano ya vyeo ilichukua muda ambao ungetumika kwa majadiliano na waajiri. Mwajiri asiyejua atafikia mapatano na nani hawezi kupanga uzalishaji wake. Kwa hiyo wanaosema kuwa vyama vimewahi kuviathiri viwanda wana ushahidi, na ni haki kuukubali.

Hata hivyo, jibu la dola halikuwa kuvirekebisha vyama. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwaondoa kazini maelfu ya wafanyakazi wasio raia, wengi wao Wakenya. Vyama vilipoteza wanachama na viongozi, na viwanda vikapoteza watu wenye uzoefu. Tukio hilo lilionyesha kuwa uanachama wa mgeni katika chama haukuwa na kinga yoyote iwapo sheria haikumlinda mgeni mwenyewe.

4. Mwaka 1976: milango miwili inafungwa

Wakati huo Nakivale ilikuwa tayari na wakazi. Makazi hayo yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, baada ya Watutsi wengi kukimbia machafuko ya Rwanda. Baadhi ya wakimbizi walilima, na wengine wakaenda kuchunga ng'ombe wa wenyeji wa Ankole. Mchungaji wa aina hiyo hakuwa na mkataba wala chama. Ulinzi wake ulikuwa uhusiano wake na mwenye ng'ombe.

Mwaka 1976 unastahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka huo amri ya serikali ya Idi Amin kuhusu vyama vya wafanyakazi iliweka sharti la wanachama wasiopungua 1,000 ili chama kiundwe, na asilimia 51 ya wafanyakazi ili mwajiri alazimike kukitambua. Mwaka huohuo Uganda ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa 1951 kuhusu Hali ya Wakimbizi. Ibara ya 15 ya mkataba huo inahusu haki ya mkimbizi ya kujiunga na vyama, vikiwemo vya wafanyakazi. Uganda iliweka shaka juu ya ibara hiyo, ikajiachia uhuru wa kuwanyima wakimbizi haki hizo kwa ajili ya maslahi ya umma.

Nyaraka hizo mbili zilishughulikia mambo tofauti, na haidaiwi hapa kwamba zilipangwa pamoja. Lakini kwa kibarua wa Nakivale matokeo yalikuwa mamoja. Sharti la kwanza lilifanya iwe vigumu kwa watu waliotawanyika mashambani kuunda chama, na la pili liliacha shaka kama mkimbizi angeweza hata kujiunga na kilichopo.

Udhaifu wa watu hao ulidhihirika Oktoba 1982, ambapo makumi ya maelfu ya watu waliotambuliwa kuwa Wanyarwanda walifukuzwa katika makazi yao huko Ankole. Baadhi walivuka kuingia Rwanda na wengine wakakimbilia makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwamo. Ng'ombe walichukuliwa, na wachungaji wakageuka wakimbizi kwa mara ya pili. Chama cha wafanyakazi pekee kisingeweza kuuzuia uhasama wa kisiasa wa kiwango hicho. Pamoja na hayo, jamii iliyokuwa imezoea kumtegemea mgeni kwa kazi haikuwa na chombo chochote ambamo mwenyeji na mgeni walikuwa wanachama sawa.

5. Kutoka mgomo wa 2003 hadi sheria za 2006

Dai kwamba vyama huwafukuza wawekezaji lilipata jaribio lake mwaka 2003. Zaidi ya wafanyakazi 200 wa kiwanda cha nguo cha Tri-Star Apparel jijini Kampala, wengi wao wasichana, walifukuzwa baada ya kugoma. Kiwanda hicho kilikuwa na msaada wa serikali na kiliuza nguo Marekani chini ya mpango wa AGOA. Rais Yoweri Museveni alitetea hadharani hatua ya kuwafukuza, akisema kuwa wafanyakazi hao wangewatisha wawekezaji. Wagomaji waliondoka, lakini mwaka 2006 kiwanda kilisimamisha kazi kikiwa na madeni. Mfano mmoja hauthibitishi kanuni. Unatosha, hata hivyo, kuonyesha kwamba kunyamazisha malalamiko hakutoshi kukiokoa kiwanda chenye matatizo mengine.

Mabadiliko yalifuata. Uganda iliridhia Mkataba Na. 87 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 2005, na mwaka 2006 Bunge likatunga sheria mpya za kazi, ikiwemo Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi iliyoondoa masharti ya 1976. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Wakimbizi, ambayo kifungu chake cha 29 kinampa mkimbizi haki ya kupata ajira na haki ya kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Milango miwili iliyofungwa mwaka mmoja ilifunguliwa mwaka mmoja, miaka 30 baadaye.

6. Leja leja: haki isiyo na mlango wa kuingilia

Haki hiyo imebaki zaidi kwenye karatasi kwa sababu ya umbo la chama chenyewe. Chama cha kawaida nchini Uganda kimejengwa juu ya mfanyakazi wa mshahara wa mwezi: mwajiri hukata mchango kwenye mshahara na kuupeleka kwa chama. Kazi inayojulikana kama leja leja haina mshahara wa kukatwa. Mtu hupalilia, huvuna au hubeba mizigo kwa siku, hulipwa jioni, na mara nyingine hulipwa chakula. Kesho yake huenda akamfanyia kazi mtu mwingine.

Hali imekuwa ngumu zaidi kadiri misaada inavyopungua. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30, na Februari 2021 upungufu ukafikia asilimia 40 ya mgao kamili. Mgao unapopungua, watu wengi zaidi huingia katika soko la vibarua kwa wakati mmoja, na nguvu ya kila mmoja kukataa ujira duni hudhoofika. Kima cha chini cha mshahara nacho hakisaidii. Kiwango cha shilingi 6,000 kwa mwezi kilichowekwa mwaka 1984 hakijabadilishwa, na mswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukupata saini ya Rais.

Athari zake haziishii kwa mkimbizi. Kibarua Mganda wa Isingiro au Mbarara anayedai nyongeza hujikuta akishindana na jirani asiye na uwezo wa kudai. Mwajiri naye hurudi katika mzunguko uleule wa wafanyakazi wasiotulia ulioonekana katika enzi ya wapita njia wa Ruanda-Urundi. Kwa hiyo chama kinachomlinda mwenye ajira ya kudumu pekee hukidhoofisha kile kinachokusudia kukilinda.

Ipo njia nyingine, na imejaribiwa Uganda kwenyewe. Chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, ATGWU, kilizipokea jumuiya za madereva wa teksi na waendesha bodaboda kama washirika wake, badala ya kumsubiri kila dereva awe na mwajiri na hati ya mshahara. Idadi ya wanachama wake ilipanda kutoka maelfu machache hadi makumi ya maelfu. Jumuiya zilileta watu na michango. Chama kikaleta uzoefu wa majadiliano na utetezi mbele ya polisi na mamlaka za miji.

7. Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa haitoi ruhusa ya kusema kuwa vyama ni vyema siku zote au vibaya siku zote. Inaonyesha kuwa sura ya sauti hushinda pale chama kinapowajumuisha wanaofanya kazi ileile, na sura ya ukiritimba hushinda pale mipaka ya uanachama inapofuata uraia au aina ya mkataba. Kutokana na hayo, makala yanapendekeza mambo manne.

Kwanza, vyama vya kilimo na vya viwanda vya chakula vifuate mfano wa ATGWU kwa kuzipokea jumuiya za vibarua wa Nakivale, raia na wakimbizi pamoja, kwa michango midogo ya msimu inayolipwa kwa simu. Pili, maofisa kazi wa wilaya za Mbarara na Isingiro wapewe nyenzo za kufika ndani ya makazi, kwa ushirikiano na Ofisi ya Waziri Mkuu, ili malalamiko ya ujira usiolipwa yasikilizwe mahali yanapotokea. Tatu, serikali ioanishe kikamilifu ahadi zake za kimataifa na kifungu cha 29, na iwaeleze waajiri kwa lugha nyepesi kile ambacho mkimbizi anaruhusiwa kufanya.

Nne, mikataba na mafunzo ya vyama yatolewe pia kwa Kiswahili. Wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi wanakielewa, na Katiba ya Uganda tangu marekebisho ya mwaka 2005 inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Mgeni alikwishapewa jembe. Kinachobaki ni kumpa kiti katika kikao kinachopanga ujira, jambo ambalo sheria imekwisha kulikubali kwa miaka mingi.