Esau Apewa Nafasi ya Kusema: Usimulizi Upya wa Biblia katika Riwaya ya Vijana ya Marekani

Makala haya yanachunguza tawi la fasihi ya vijana linalovitwaa visa vya Biblia na kuvihamishia katika mazingira ya karne ya 20. Mfano wetu ni riwaya ya Katherine Paterson, Jacob Have I Loved, iliyochapishwa Marekani mwaka 1980 na kutunukiwa Nishani ya Newbery mwaka 1981. Tunadai kwamba nguvu yake inatokana na uamuzi mmoja wa kiusimulizi: anayesema ni Esau.

Paterson alizaliwa China mwaka 1932, wazazi wake wakiwa wamisionari. Yeye mwenyewe alifanya umisionari Japani, kisha akaolewa na mchungaji. Hakuiendea Biblia kama mgeni. Hata hivyo, riwaya hii ilitolewa na Thomas Y. Crowell, mchapishaji wa soko la jumla. Wauzaji wa vitabu vya Kikristo Marekani walikuwa na chama chao tangu mwaka 1950, na soko hilo kwa kawaida lilipendelea hadithi zinazomthibitishia msomaji kile anachokiamini. Kamati inayoteua vitabu vya vijana kwa kuangalia jina la mchapishaji tu ingeipita riwaya hii bila kuifungua.

Kisa kinaanza mwaka 1941 katika Rass, kisiwa cha kubuni kilichomo katika Ghuba ya Chesapeake. Sara Louise na Caroline ni pacha. Louise ndiye Kurwa, kwa msamiati wetu. Alizaliwa mwenye afya, na kwa sababu hiyo akasahauliwa huku nyumba nzima ikimhangaikia Doto aliyekuwa mahututi. Esau wa Mwanzo aliiuza haki yake kwa mlo wa dengu. Louise hakuuza kitu. Anavua kaa, anachangia pato la nyumbani, na nafasi ya kwenda kusomea muziki inapopatikana, anayepewa ni Caroline.

Sura iliyo nzito kuliko zote ni ile ya bibi yao kumtupia Louise maneno ya Warumi 9:13. Msichana anafungua Biblia ili ajue ni nani aliyetamka chuki hiyo, naye anakuta kwamba msemaji ni Mungu. Mwanateolojia angeharakisha kueleza kuwa Paulo anajadili uteule, tena kwa kumnukuu Malaki aliyekuwa akizungumzia mataifa mawili. Paterson hatoi maelezo hayo. Anamwacha binti huyo na andiko lake, na binti anaacha kusali.

Jibu linachelewa hadi mwisho. Louise, sasa mkunga katika bonde la milimani, anazalisha pacha. Wa pili ni dhaifu. Anapigana kumwokoa, kisha anashtuka kwamba amemsahau wa kwanza, naye anaagiza apakatwe. Katika Mwanzo 27, Esau alilia akimuuliza babaye kama hakubakiwa na baraka nyingine. Twaona kwamba tukio hili la uzazi linamjibu Esau, ingawa jina lake halitajwi.

Jambo moja Paterson ameliacha. Mwanzo 33 inawakutanisha ndugu wawili wakikumbatiana na kulia. Louise na Caroline hawaandikiwi sura ya namna hiyo.