Esne, Bwana na Uhuru: Maneno ya Kwenye Fumbo la Gazeti



Wengi wetu huku Marekani tuna mazoea ya kujaza fumbo la maneno la gazeti kila asubuhi, chai pembeni. Kiingereza tumekisomea mpaka udaktari, halafu unaulizwa: mtumwa wa Waingereza wa kale, herufi nne. Umekwama! Jibu ni *esne*. Muulize Mmarekani barabarani, naye hajui. Ni neno la kabla ya Wanormandi kuivamia Uingereza mwaka 1066, maana yake kibarua au mtumwa. Midomoni limekufa zamani. Gazetini linaishi kwa sababu e mbili, s na n hupishana kirahisi na maneno mengine, basi.

Fumbo lenyewe si la kale. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani (mhamiaji kama sisi), alilitoa katika New York World tarehe 21 Desemba 1913. Mwaka 1924 Simon & Schuster walipotoa kitabu cha mafumbo hayo, watu walipagawa. New York Times walilikebehi mwaka huohuo, kisha wao wenyewe wakaanza kulichapa mwaka 1942, wakati wa vita.

Sasa tuje kwenye maneno ya kwetu. Kiswahili kina irabu tele, kwa hiyo watunga mafumbo wanatupenda: safari, simba, bwana, uhuru. Lakini ukikuta *bwana*, kidokezo ni mkubwa wa msafara wa uwindaji, hakuna zaidi. Hapo ndipo historia inapojificha. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa mwaka 1909 kuwinda, na kitabu chake cha 1910 kinasimulia alivyoitwa "Bwana Makuba" (ndivyo alivyoliandika). Vitabu vya namna hiyo ndivyo vilivyowazoesha Wamarekani neno hili. Kwetu bwana ni mume wa mtu, ni Mungu kwa wanaosali kanisani, ni rafiki unayemwambia "acha bwana!" Kwenye fumbo amebaki mzungu mwenye bunduki.

Na *uhuru* je? Mwaka 1966 filamu ya televisheni ya Star Trek ilimleta Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Mwenyewe alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo *Uhuru*, ya mwaka 1962, inayohusu Kenya. Herufi ya mwisho ikabadilishwa, jina likapatikana. Na huyo Ruark alikuwa nani? Mwindaji! Yaani hata neno lililopigiwa kelele Dar es Salaam mwaka 1961 na Nairobi mwaka 1963 limewafikia Wamarekani kwa mlango uleule wa bunduki na hema.

Mimi naona jambo hili si dogo, maana hiyo misafara ilitembea kwa vichwa na mabega ya watu. *Mpagazi* ni herufi saba, irabu tatu. Kwa miaka yote ninayojaza mafumbo sijakutana naye hata siku moja. Kuna aliyemwona?