Shahada ya darasani au ya mbali?

Mwezi uliopita nilikwenda Mugumu kumsalimia mjomba wangu, mwalimu mstaafu. Nikamwambia nataka kusoma shahada ya uzamili na nina njia mbili: niache kazi niende Dar es Salaam nikakae darasani, au nibaki Tarime nisome kwa mtandao.

Mzee akacheka. "Mjomba, shahada ya kwenye kompyuta ni shahada gani hiyo? Msomi ni yule aliyelala bwenini."

Sikumbishia. Lakini njia nzima ya kurudi Tarime nilikuwa najiuliza, hivi hiyo shahada "ya kweli" ilitufikiaje?

Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilipata hati ya kifalme iliyoruhusu mtu kufanya mitihani yake bila kusoma katika vyuo vyake. Mwaka 1949 Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na chuo hicho hicho, na kuanzia 1953 wahitimu wake walisoma Kampala lakini shahada wakapewa za London. Chuo cha Dar es Salaam nacho, kilipofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU pale Lumumba, kilianza kama chuo kishiriki cha London.

Umeona, msomaji? Wale wasomi wa bwenini ambao mjomba anawasifu, chuo chenye shahada yao kilikuwa ng'ambo ya bahari! Na hakuna aliyewacheka, kwa sababu mtihani wao uliheshimika.

Huko kusini, Nelson Mandela alipata shahada ya sheria ya UNISA mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994. Zama hizo masomo yalikuwa makaratasi, wala si skrini. Mwalimu wa Mugumu au Nyamongo aliweza kusoma bila kuacha darasa lake na watoto wake. Kebo ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009 ilirahisisha njia tu, safari yenyewe ilikuwa ya zamani.

Hata hivyo mjomba hakukosea kote. Waliokuwa Makerere na Lumumba walikuwa na maktaba, walimu wa kuwauliza, na wenzao wa kubishana nao hadi usiku. Anayesoma peke yake usiku, umeme umekatika na bando limekwisha, hana hayo. Wengi huishia njiani bila kufeli mtihani wowote. Wanachoka tu.

Kwa hiyo swali langu limebadilika. Siulizi tena ipi ni ya kweli. Nauliza mambo matatu: je, TCU inakitambua chuo hicho? Mtihani unasimamiwaje? Na nani atanishika mkono nikikwama?

Mimi nimeamua kubaki. Mshahara wangu ndio unaomlipia mdogo wangu ada, na nikiacha kazi atarudi nyumbani yeye kwanza. Nimepata wenzangu wawili hapa Tarime mjini, tumekubaliana kukutana kila Jumamosi kusoma pamoja.

Bweni letu litakuwa hilo. Mjomba nitamweleza siku nikienda tena.