Shahada na Wodi: Wanawake Watangulizi wa Tiba, Paris hadi Mikumi

Wanaoandika historia ya Wafaransa wa kike katika udaktari huianzia mwaka 1875, Madeleine Brès alipopata udaktari wa tiba mjini Paris, wa kwanza miongoni mwao. Ninadai hapa kwamba mwaka huo unapima jambo dogo kuliko tunavyodhani, na kwamba wilaya ya Kilosa inatusaidia kuliona hilo. Miaka 15 kabla yake, Desemba 1860, Padri Armand Fava alifika Unguja pamoja na mapadri, tabibu wa jeshi la majini na masista wa Mabinti wa Maria kutoka Réunion, shirika lililoanzishwa 1849 na kuwapokea hata wanawake waliotoka utumwani. Wakafungua hospitali. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliirithi kazi hiyo 1863, wakavuka hadi Bagamoyo 1868, kisha wakaingia Usagara na kujenga misheni Ilonga, jirani na Kilosa.

Itapingwa kwamba masista hawakuwa madaktari, na kwamba kuwaweka karibu na Brès ni kuidunisha vita aliyoipigana. Pingamizi hili lina uzito. Brès hakuweza kuandikishwa chuoni 1868 bila ridhaa ya mumewe. Alihudumia wagonjwa hospitalini wakati Waprusi wameizingira Paris, na bado akazuiwa kushindania nafasi ya mafunzo ya ndani ya hospitali. Lakini ushahidi huohuo unaigeukia hoja ya wapinzani, kwa kuwa shahada yake haikuufungua mtihani wa kuwania nafasi hiyo. Ulifunguliwa 1885 kwa madai ya Blanche Edwards na Augusta Klumpke, na Klumpke (mzaliwa wa San Francisco, jambo ambalo wanaojivunia Ufaransa hulisahau) akaupita 1886. Kwa hiyo sista alikuwa na wodi bila shahada, naye Brès alikuwa na shahada bila wodi. Ndani ya hospitali, neno la mwisho juu ya mgonjwa halikuwa la yeyote kati yao.

Tasnifu ya Brès ilihusu titi na unyonyeshaji, na baadaye alijishughulisha na malezi ya watoto wachanga. Mlango aliopewa ulikuwa wa mama na mtoto. Tanzania nayo haikuwa mbali na hapo: Esther Mwaikambo, anayetambuliwa kuwa daktari wa kwanza mwanamke nchini, aliyesomea Moscow, alibobea katika magonjwa ya watoto, na chama cha madaktari wanawake, MEWATA, kilichoundwa 1987, kimejulikana zaidi kwa kampeni za saratani ya matiti. Atakayesema kwamba hapo ndipo penye haja kubwa anasema kweli, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana haja ya mjadala wetu. Ninachokikataa ni kuifanya haja hiyo mpaka wa kazi ya mwanamke. Hospitali ya Mtakatifu Kizito iko Mikumi, wilayani humo Kilosa, pembeni mwa barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Uchungu wa kuzaa na majeruhi wa ajali hugonga lango lilelile. Kilosa mjini kuna chuo cha maafisa tabibu. Kuhesabu wasichana wanaodahiliwa humo ni kurudia kosa la 1875. Ulizeni pia nani huwa Mganga Mfawidhi, nani hushika kisu, nani huamua kwamba mgonjwa asafirishwe Morogoro usiku huu.

Klumpke ndiye mfano bora kuliko Brès kwa sababu hii hasa. Hakubaki chumba cha watoto. Alichagua mishipa ya fahamu, na katika Vita Kuu ya Kwanza alitibu askari waliojeruhiwa. Kupooza kwa mkono alikokueleza 1885 bado kunaitwa kwa jina lake. Humpata mtoto anayevutwa mkono katika uzazi mgumu, na humpata mtu mzima ambaye mkono wake umenyakuliwa juu kwa nguvu katika ajali, na daktari anayekupima kupooza huko kwa mmoja ana ujuzi wa kukupima kwa mwingine.