Uso uliotoka China

Mwingereza akiumbuka mbele za watu, husema amepoteza uso: "lose face". Usemi huo ni wa Kichina, "diu lian". Waingereza walioishi China katika karne ya 19 waliusikia kwa wenyeji, wakautafsiri neno kwa neno, ukaingia katika Kiingereza chao.

Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata. "Save face", yaani kuokoa uso, hawakuupata kwa Wachina. Waliutunga wenyewe: kama uso hupotea, basi huweza pia kuokolewa. Leo karani wa London akikosea hesabu kikaoni, na mkuu wake akawahi kusema, "Hiyo tutaiangalia baadaye," uso wake umeokolewa, wala hakuna pale mezani anayewaza China.

Sisi uso tulikuwa nao siku zote. Wazee walisema uso umeumbwa na haya, na asiye na haya tunamwita mkavu wa macho. Kwa hiyo huniuma nikiona tafsiri ya filamu imeandika "amepoteza uso", ilhali "ameumbuka" lipo, fupi, na linachoma zaidi.